Mashimo Tisa ya Mvumo

Miezi miwili iliyopita nilikwenda stendi ya Buzuruga, hapa Mwanza, kupokea furushi la vitambaa kutoka Shinyanga. Nilikuwa na hasira. Basi lilikuwa limechelewa, na mama mmoja wa kwaya ninayemshonea sare alikuwa ameshanipigia simu mara nne kuuliza kama nimekufa. Nikiwa nimesimama pale najibizana naye kichwani, pua ikageuka kabla ya shingo. Kulikuwa na harufu ya embe lililoiva kupita kiasi, na nyuma yake, kwa mbali, kama mtu amefungua chupa ya mafuta ya taa.

Abiria mmoja aliyesimama mbele yangu aliziba pua. "Hii nini inanuka hivi?" akauliza.

Mwanamke aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake hakumtazama hata. "Hainuki, kaka, inanukia. Ni matunda ya mvumo. Kama huyajui, pita."

Nilikaribia. Akafungua mdomo wa gunia, nikaona yale matunda makubwa ya rangi ya chungwa, kila moja kama kichwa cha mtoto mchanga, na kofia yake ya magamba juu. Nina mjukuu mmoja, nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe, na ninaheshimika kiasi pale Mabatini ninakoshonea. Lakini nililia pale stendi, mbele ya watu, kwa sauti. Yule mwanamke alinipisha nikae kwenye gunia lake, akadhani nimepokea taarifa ya msiba. Sikumkatalia. Kwa namna fulani ilikuwa kweli, ila taarifa yenyewe ilikuwa na zaidi ya miaka arobaini. Niliondoka na matunda matatu, na nikasahau vitambaa.

Wenzangu mliokulia mjini huenda hamjawahi kuuona mvumo. Ni ndugu wa mnazi na mkindu, lakini ni mrefu kuliko wote, na shina lake huvimba kidogo katikati kama nyoka aliyemeza panya. Majani yake ni mapana kama kiganja kilichofunguliwa, na vikonyo vyake vina meno meusi yanayochana ngozi. Kwenye pwani yetu ya ziwa, ng'ambo ya Kamanga upande wa Sengerema, ilikuwa miwili tu, nyumbani kwa bibi yangu, mzaa mama. Mmoja ulisimama karibu na mawe ya ufukweni, mwingine nyuma ya zizi. Watu walisema zamani ilikuwa mingi, ikaliwa na mashoka na moto. Wavuvi waliokuwa wakirudi asubuhi walikuwa wanaitumia hiyo miwili kujua mahali pa kuelekeza mtumbwi.

Mimi nililetwa pale nikiwa na miaka saba. Mama yangu alikuwa amefariki, na baba alikuwa dereva wa malori ambaye hakuweza kunichukua njiani wala kuniacha peke yangu. Alinishusha na begi la nguo na kilo mbili za sukari, akanywa uji, akaondoka. Nilikaa uwanjani nikiangalia barabara mpaka bibi akanijia, akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, "Haya, mke mwenzangu. Mume wetu ametuacha wajane wawili. Wewe utafagia, mimi nitapika, au unataka tupigane kwanza?"

Mume wetu alikuwa babu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Ndivyo utani wa bibi na mjukuu ulivyo kwetu, lakini siku ile sikuwa na hakika kama ni utani, na nilifagia uwanja mzima. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa mfupi, mweusi, ana sauti ya kuwaita watu waliopo majini, na alianika dagaa ufukweni kila siku isipokuwa Jumapili. Alinipenda kwa vitendo vilivyokuwa kama ugomvi. Alinilisha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mpaka tumbo likauma, kisha akanigombeza kwa kuumwa tumbo.

Kiangazi kilipokuwa kikali, matunda ya mvumo wa ufukweni yalianza kuanguka. Tuliyasikia yakidunda mchangani, tunakimbia mimi na Kulwa, binti wa jirani, kuyawahi kabla ya ng'ombe. Tunda la mvumo haliliwi kistaarabu. Unalichoma kidogo kwenye majivu ya moto, unalichana, halafu unang'ang'ania nyuzi zake kwa meno ukifyonza, na utomvu mzito wa njano unakutiririka mpaka kwenye viwiko. Ni tamu, na mwisho wake una uchungu mdogo. Nyuzi zinabaki kwenye meno siku mbili. Bibi alikuwa na meno machache, kwa hiyo alikuwa akitucheka sisi tuliokuwa nayo.

Kilichobaki ndicho kilichokuwa na thamani zaidi. Kila tunda lina mbegu tatu ngumu kama mawe. Tulizikusanya, tukazilaza kwenye tuta refu la udongo laini nyuma ya jiko, tukazifunika. Mbegu ya mvumo ina akili zake: haikimbilii juu. Inashusha kwanza kitu kama mrija kwenda chini, na mwisho wa mrija huo, ardhini kabisa, inajijengea chipukizi jeupe, nene, refu kama kidole cha mtu mzima au zaidi. Juu huoni kitu kwa miezi mingi. Baada ya miezi mitano hivi tunafukua tuta, tunachemsha vichipukizi kwa chumvi, tunakula. Ladha yake ni kama muhogo mchanga uliokutana na karanga. Kazi ya kufukua tuta ilikuwa yangu tangu mwaka wa kwanza nilipofika pale.

Mvumo wa nyuma ya zizi haukuwahi kutoa hata tunda moja. Ulitoa vitu virefu kama mikia, vyenye vumbi la njano, vikaanguka, basi. Bibi aliudharau. Akipita karibu nao alisema, "Wewe kula tu ardhi yangu, mvivu we."

Mwaka wangu wa pili pale, Mjomba Masanja, mdogo wake mama, alipata mchumba. Alihitaji nyumba. Bibi akamwonyesha mvumo wa zizini kwa kidevu. "Kata huo. Mti wenyewe ni mgumu, mchwa hawauwezi. Angalau utakuwa umefanya kazi moja maishani."

Mjomba aliita fundi wa kupasua mbao kutoka Ukerewe, mzee mmoja aliyeitwa Mzee Petro, mwenye msumeno mrefu na maneno machache. Kuukata kulichukua siku mbili. Ulipoanguka, ndege waliokaa kwenye majani yake walizunguka angani mpaka jioni wakitafuta mahali palipokuwa na nyumba zao. Bibi aliwapikia mafundi sato na ugali wa muhogo. Tulikuwa wote uwanjani tunakula, na Mzee Petro akawa anaangalia ule mwingine, wa ufukweni.

"Mama," akasema, "na yule mwenzake atazaa na nani sasa?"

"Yule anazaa mwenyewe," bibi akajibu. "Miaka yote anazaa."

Mzee Petro akanawa mikono taratibu. "Hapana, mama. Huyu tuliyemwangusha ni dume. Lile vumbi lake la njano ndilo lililokuwa linakwenda kule na upepo. Mimi nilidhani unajua. Kule kwetu dume halikatwi mpaka uwe na jingine."

Bibi alicheka, ile sauti yake ya kufikia majini. "Kumbe nimeua mume wa mtu!" Kila mtu akacheka. Kisha nikamwona bibi ameacha kucheka kabla ya wengine, anaangalia mvumo wa ufukweni, na tonge limebaki mkononi.

Matunda yaliyokuwa juu wakati ule yalikuwa yameshashika, kwa hiyo kiangazi kile yalianguka kama kawaida. Tulikula, tukafukia mbegu kwenye tuta. Lakini bibi alichagua matunda matatu makubwa kuliko yote akayaweka pembeni, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Siku moja asubuhi alioga, akavaa kitenge chake cha kanisani, akachukua jembe. Alichimba mashimo tisa, kuanzia ufukweni kwenda zizini, akapima kina cha kila shimo kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Mjomba alitaka kumsaidia.

"Toka hapo!" bibi akamfukuza. "Unataka kuoa au unataka kuzikwa? Mvumo haupandwi na kijana."

"Basi ngoja mimi," nikasema.

"Wewe ndiyo kabisa. Kaa mbali, usikanyage hata udongo wake." Akaweka mbegu ya kwanza, akaifunika kwa kiganja. "Hii inapandwa na mtu ambaye ameshamaliza mambo yake, mke mwenzangu. Mimi nimelea, nimezika, nimeanika dagaa wa kutosha. Naruhusiwa."

Alisema kwa furaha. Ndicho kilichonichanganya baadaye.

Jioni ile nilimuuliza Kulwa. Kulwa alikuwa na miaka kumi na alijua kila kitu, au ndivyo nilivyoamini. Aliniambia, huku akiparua magamba ya samaki, kwamba ni jambo linalojulikana: anayepanda mvumo hali matunda yake. Mti ukianza kukua, mpandaji anaanza kwenda. Ndiyo maana vijana wanakatazwa. "Bibi yako amechoka," akasema. "Amejipandia kifo, na ni tisa, ili asikosee."

Leo naelewa desturi ile ilikuwa inasema nini. Mvumo unachukua umri wa mtu kuanza kuzaa, kwa hiyo anayeupanda hapandi kwa ajili ya tumbo lake, na wazee wakaweka katazo ili kazi hiyo ibaki ya wazee na isisahaulike. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu alikuwa amekufa hospitalini wakati mimi nacheza nje, na hakuna mtu aliyeniambia mapema kwamba kuna kitu ningeweza kufanya. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma: kwamba labda kulikuwa na kitu. Safari hii nilikuwa nimeambiwa.

Nilianza kumchunguza bibi. Akikohoa, nilihesabu. Alimpa mchumba wa mjomba shanga zake, nikaona anagawa mali. Alikaa jioni akiangalia mashimo yake huku akitabasamu peke yake, nikaona anaaga. Nilikuwa nikiamka asubuhi na kumsikiliza kwanza kama anapumua kabla ya kufungua macho.

Miezi mitano ikapita. Siku ya kufukua tuta bibi alikuwa ufukweni anageuza dagaa, mgongo wake kwangu, anaimba pambio. Nilifukua tuta lote upesi. Kisha nikachukua jembe dogo nikaenda kwenye shimo la kwanza.

Mbegu za kwenye mashimo zilikuwa zimezama zaidi kuliko za kwenye tuta, na chipukizi zake zilikuwa nene, nzuri, nyeupe kabisa. Mbili zilikatika nikizitoa. Nakumbuka kwamba nilikuwa na furaha, furaha ya mtu anayevunja yai la nyoka. Zote tisa. Nilirudishia udongo, nikausawazisha kwa kiganja kama nilivyomwona bibi akifanya, nikamwagia maji ili rangi ya udongo ilingane. Zile tisa nikazichanganya na za kwenye tuta, nikazimenya zote, nikazitia kwenye sufuria moja na chumvi. Bibi aliporudi zilikuwa zinachemka.

Tulikula wote: bibi, mimi, Mjomba Masanja. Bibi alichukua kimoja kinene, akakivunja katikati, akakitafuna kwa zile fizi zake, akafumba macho.

"Mwaka huu vimekuwa vitamu," akasema. "Sijui ni kwa sababu ni vya mwisho."

Akanipa nusu iliyobaki. Nikaila.

Mvua zilipokuja, bibi alianza kusubiri. Zilipokatika, akaanza kumwagilia. Kila jioni, baada ya kukusanya dagaa, alichota maji ziwani kwa ndoo, akapita shimo moja baada ya lingine, kopo moja kila shimo, bila haraka. Wakati mwingine alinituma mimi nibebe ndoo. Nilimfuata nyuma na maji ya kumwagilia udongo mtupu. Miezi ikaenda, mitano, sita, saba. Mjomba akamwambia, "Mama, si uchimbue moja tu uone?"

"Mbegu ya mvumo haichunguliwi," bibi akajibu. "Ukiichungulia umeiua. Unakaa unaamini, au unaacha."

Kiangazi kilichofuata mvumo wa ufukweni haukuangusha kitu. Nilikaa na Kulwa chini tukisikiliza. Kulikuwa na vitu vidogo vilivyokauka juu, vikaanguka vikiwa vyepesi kama maganda ya karanga. Jioni moja bibi hakuchukua ndoo. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akageuza mikono yake akaitazama viganja.

"Mkono wangu umekufa," akasema.

Wale waliolelewa na wakulima wanajua uzito wa neno hilo. Kuna watu wenye mkono wa kuotesha, na bibi alikuwa mmoja wao. Majirani walikuwa wakimletea mbegu za maboga ili aziguse kwanza. Tangu siku ile alikataa. Hakupanda tena hata mchicha. Msimu ulipofika alinipa mimi mbegu, akasimama kando ya shamba akinielekeza kwa mdomo, mikono nyuma. Nilipanda maboga, yakaota yote. Bibi akapiga vigelegele, akamwita kila aliyepita njiani aje aone. "Mke mwenzangu ana mkono! Mimi wangu umekufa, lakini umehamia kwake!"

Nilikimbilia nyuma ya mawe nikatapika. Akadhani nina malaria, akanichemshia mwarobaini.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni, kwa sababu niliamini nimemwokoa. Krismasi ilipofika na bibi yupo, nilijua ni kazi yangu. Krismasi nyingine ikaja, bado yupo, nami nikatembea kanisani kifua mbele kama mtu anayeshikilia paa la nyumba kwa mkono mmoja na hakuna anayemshukuru. Baadaye nilipokuwa mkubwa, darasani, mwalimu wa sayansi akachora ua ubaoni na kueleza habari za chavua, na katikati ya somo nikaelewa kwamba zile zilikuwa mbegu za mwisho, na kwamba katika zile tisa huenda kulikuwa na dume. Kuanzia hapo sikusema kwa sababu ya woga. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, kana kwamba methali inaweza kukusemea kila kitu.

Bibi alikufa nikiwa najifunza ushonaji Mwanza. Niliwahi siku zake za mwisho. Aliomba tumtoe nje akae anapoona mvumo wa ufukweni. Nilikuwa nimemshika mkono, ule mkono, umekuwa mwepesi na mkavu.

"Nilitaka kuwaachia kitu," akasema. "Ardhi ikanikataa. Sijui niliikosea nini."

Nilifungua mdomo. Alinisubiri, bibi hakuwa mjinga, aliona kuna neno. Nikamuuliza kama anataka maji.

Hicho ndicho nilichokuwa nakililia pale Buzuruga.

Jumamosi iliyofuata nilivuka na kivuko cha Kamanga, matunda yangu matatu kwenye mfuko, watu wakinipisha kwa ajili ya harufu. Mjomba Masanja bado anaishi kwenye ile nyumba. Ni mzee sasa, mkewe ametangulia, miguu imevimba, na kuta zimejengwa upya mara mbili. Lakini boriti za mvumo ziko palepale juu, nyeusi, zimenyooka kama siku zilipopandishwa. Mvumo wa ufukweni nao upo, mrefu kuliko nilivyoukumbuka. Unachanua kila mwaka, aliniambia, na hauzai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakuuliza habari za Mwanza. Alikuwa ameshaelekeza pua kwenye mfuko. "Kabula. Umebeba nini?"

Nikamwekea tunda moja mapajani. Alilishika kwa mikono miwili, akalinusa. Tukayachoma yote matatu kwenye majivu, tukayachana, tukafyonza kama watoto, na utomvu ukatufika kwenye viwiko. Yeye naye sasa hana meno. Nilipoona amelainika, nikamwambia yote. Kulwa, mashimo, jembe dogo, sufuria.

"Zote tisa?" akauliza.

"Zote."

"Na mama akala?"

"Akala. Na wewe ulikula, mjomba. Ulikwangua mpaka sufuria."

Alicheka mpaka akashika mlango. Alicheka, akakohoa, akafuta macho, kisha akaacha kucheka kabla hajamaliza, kama mama yake.

"Miaka yote hii," akasema, "nalala chini ya boriti hizi nikijua ni mimi. Kwamba nilimkata dume, na mbegu zikakataa kwa sababu ya msumeno niliouleta mimi. Nimewahi kumpelekea mchungaji jambo hili."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kosa langu lilikuwa limelala pia kichwani mwa mtu mwingine. Nikasema samahani. Neno lilikuwa dogo.

"Mama alikufa akidhani mkono wake umekufa," akasema.

"Ndiyo."

"Ungemwambia, Kabula."

"Ndiyo, mjomba."

Hakunifariji, na ninamshukuru kwa hilo. Aliinuka kwa kushikilia ukuta, akaingia ndani. Alitoka amevaa shati jeupe la kanisani, vifungo vimepishana, na jembe mkononi.

"Lete mbegu."

"Hapana, nitapanda mimi," nikasema. "Deni ni langu."

"Una miaka mingapi wewe? Una binti yuko chuo hajamaliza, una sare za watu hujashona. Hii inapandwa na aliyemaliza. Hapa aliyemaliza ni mimi."

Mbegu tisa zilikuwa kwenye kanga yangu, bado zina nyuzi. Nami, mwanamke wa umri huu, ninayejua habari za chavua, nilizikumbatia. Nilimwona amesimama na shati lake jeupe, nikasikia ule woga wa miaka tisa umesimama nami palepale, haujakua hata kidogo. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani anayemkumbuka mama yangu akiwa mtoto.

Aliona. Akaegemea jembe. "Unadhani mbegu ndiyo itakayoniua? Mwanangu, mimi nitakufa hata nikipanda mchicha. Mama naye angekufa. Tofauti ni kwamba yeye angekufa anafurahi."

Nikampa ya kwanza.

Alipima kina kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Shimo la nne magoti yalimshinda, nikawa namshika kwapani yeye anainama. Nilimuuliza tutajuaje lipi dume na lipi jike. Akasema hatutajua, haijulikani mpaka yachanue, na wakati huo sisi wote wawili tutakuwa tumelala. "Watajua wao," akasema, na hakusema akina nani. Ilipofika ya tisa jua lilikuwa limeshagusa maji, na shati lake lilikuwa na udongo mpaka kwenye kola.

Sasa navuka kila Jumamosi. Wateja wananinung'unikia, wacha wanung'unike. Mjomba anamwagilia siku anazoweza, mimi namalizia. Jumamosi iliyopita nilifika, nikamkuta amelala kwenye kigoda mlangoni, mdomo wazi. Nilisimama kumsikiliza kwanza kama anapumua. Anapumua. Nikachukua ndoo, nikachota maji ziwani, nikaenda kwenye shimo la kwanza. Juu hapakuwa na kitu, udongo mtupu, na sikuweza kujua kama chini kuna mrija unaoshuka au hakuna. Nilipiga magoti. Kidole changu kikaanza kufukua chenyewe, kidogo tu, kucha moja.

"Kabula," mjomba akaita kutoka mlangoni, macho amefumba.

Nikaurudisha udongo, nikausawazisha kwa kiganja. Nikamimina kopo moja. Kisha nikaenda la pili.